Kofia, Pua na Upawa wa Saumu

Mara ya kwanza kofia kunidondoka ilikuwa msikitini kwetu Nguvumali, sala ya adhuhuri, nimesujudu. Ilibiringika mpaka safu ya mbele, ikatulia kwenye kisigino cha mtu. Sala ilipokwisha nikaenda kuiokota, wenzangu wakacheka, nami nikacheka nao. Nyumbani nikamwambia mke wangu, Saumu, kwamba kofia imerudi, haikai tena kichwani.

"Imerudi vipi? Kofia nimeishona mie."

"Kaiulize yenyewe."

"Basi imenyeshewa mvua. Kofia ya mkono hailoweshwi ovyo, Baba Zuhura."

Kumwambia mwanamke wa Tanga kwamba kofia aliyoishona haikai ni sawa na kumwambia wali wake mbichi. Saumu anashona kofia tangu usichana wake. Kipimo cha kichwa changu alikichukua wakati wa uchumba, kwa uzi mrefu, akapiga fundo pale uzi ulipokutana na ncha yake, akauweka kwenye kikopo cha sindano. Kila kofia niliyovaa katika ndoa yetu imetoka kwenye fundo lile. Hata ile miaka ya foleni, sabuni hakuna, sukari hakuna, uzi ndiyo usiseme, alifumua magunia ya unga wa ngano akapata nyuzi zake, na siku ya Idi nikatoka na kofia mpya kichwani kama watu wengine.

Kwa hiyo hukumu ya kwanza ikaangukia wanga. Kofia ikishafuliwa hutiwa wanga, ikaanikwa juu ya bakuli lililofudikizwa ili isipoteze umbo. Saumu akabadilisha bakuli. Kofia ikadondoka tena. Akapunguza wanga, ikadondoka. Mwishowe akasema kosa ni la uzi.

"Uzi wa ruksa huu, wa tangu biashara ifunguliwe," alisema, akiuvuta mbele ya macho yake. "Zamani ulikuwa haupatikani, lakini ukiupata ni uzi. Siku hizi umejaa madukani, ukiufua tu unarudi."

Nami nilimwamini, maana hata viatu vilikuwa na maneno yao. Mitumba ilikuwa imefunguliwa, viatu vimemwagwa sokoni chungu nzima, nami kila nikinunua naongeza namba. Muuzaji akaniambia namba za Wazungu haziaminiki, zinabadilika kila robota. Basi kichwa tukakisingizia uzi, na miguu tukaisingizia Ulaya. Hakuna aliyefikiri kwamba kinachokua ni mimi.

Ninaandika haya kwa ajili yako uliyeambiwa una uvimbe kichwani na kwamba utatolewa kwa kupitia puani. Elimu ya tezi sina. Ninachojua ni kwamba kuna kitezi kidogo kama punje ya mbaazi, kipo chini ya ubongo nyuma ya pua, na changu kiliota uvimbe ukawa unauamuru mwili wangu ukue wakati umri wa kukua nimeshaupita zamani. Mengine waulize wenyewe. Mimi nitakusimulia nilivyoishi nao.

Vidole vilijaa mpaka vifungo vya shati nikawa nafungiwa. Pua ilipanuka, taya likasogea mbele, sauti ikawa nzito ya kutisha watoto. Nilikoroma hata binti yetu Zuhura akahamishia mkeka wake kwa bibi yake, nyumba ya pili. Wakati huo kiwanda cha kamba za katani nilichofanyia kazi kilikuwa kimeuzwa na sisi tumepunguzwa, tukapewa kiinua mgongo na mkono wa kwaheri. Basi watu wakiniona nimejaa hivi wakajua ni ulaji.

"Wenzako kiinua mgongo tumenunulia unga, wewe umekila chenyewe," Yohana aliniambia. Huyu ni Mlutheri wa Lushoto, tulishika naye mashine moja kiwandani, na baada ya kupunguzwa akawa fundi wa baiskeli barabara ya Raskazone. Kwetu mtu akinenepa huambiwa amenawiri. Niliambiwa nimenawiri mpaka nikaamini.

Kisha yakaja maneno mabaya zaidi, kwamba nimekuwa na maringo. Mtu ananisalimu barabarani, nampita. Mzee wa watu ananyanyua mkono, nampita. Saumu akawa analetewa hayo kisimani na arusini: mumeo siku hizi hajibu salamu, tumemkosea nini? Alinisema, nami nikaapa kwamba sikusikia wala sikumwona mtu. Hilo la pili ndilo lililokuwa kweli, na wala sikujua ukubwa wake.

Tuligundua barazani kwetu, alasiri moja ya mwisho wa masika. Saumu tangu tuoane hukaa mkono wangu wa kushoto, anashona, mimi nasikiliza redio. Siku hiyo nilimaliza taarifa ya habari, nikaona kimya.

"Mama Zuhura!" nikaita kuelekea ndani. "Hiyo chai vipi?"

"Baba Zuhura," sauti ikanijibu sikioni, "mie niko wapi?"

"Si uko jikoni."

"Niko hapa. Nimekunyoshea kikombe mpaka mkono umechoka."

Nikageuza kichwa kizima, nikamwona. Alikuwa pale pale pake, kikombe mkononi, na uso wake umebadilika. Akakiweka chini, akanyanyua kidole, akakileta polepole kutoka pembeni akiniuliza nakiona au sikioni. Kidole kilifika karibu na pua ndipo nikakiona. Upande wa pili hali ilikuwa hiyo hiyo. Nilikuwa nikiitazama dunia kama farasi aliyezibwa macho pembeni, na kwa kuwa mbele naona vizuri, sikuwa na habari.

Toka siku hiyo Saumu aliacha kukaa kushoto kwangu. Alihamishia kigoda chake mbele yangu, mgongo kwa barabara, ili nimwone. Hakusema kwa nini, nami sikumuuliza, lakini iliniuma sana kuiona ile nafasi yake ya kushoto iko tupu.

Hospitali ya mkoa tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi, katikati ya wenye homa na akina mama wenye watoto. Daktari alikuwa kijana mpole. Alinitazama mikono, akanitazama uso, akauliza kama tunayo picha yangu ya zamani. Saumu alikuwa nayo mkobani, ya siku ya arusi. Daktari akaishika kando ya uso wangu, akawa anatazama huku na huku kwa muda. Ndipo Saumu akatoa na kile kikopo cha sindano.

"Na mie nina kipimo," akasema.

Akazungusha uzi kichwani kwangu. Ncha haikulifikia fundo. Pengo lililobaki lilikuwa pana, hata mimi niliyekuwa nikijitazama kwenye kioo cha ukutani nililiona. Saumu akabana uzi kwa kidole pale ulipokutana sasa, akabaki ameubana, machozi yanamtoka.

"Kumbe si uzi," alisema. "Daktari, mie miaka miwili nauvunjia heshima uzi wa watu."

Daktari akacheka, nasi tukacheka, halafu akatuandikia kwenda Dar es Salaam.

Dar waliniingiza kichwa kwenye mashine ya duara, wakatuonyesha picha. Tuliambiwa wazi wazi: uvimbe umekaa chini ya mishipa ya macho na unaibana. Leo umekula pembeni. Ukiachwa utakula na katikati. Dawa ni kuutoa, na wanaoutoa kwa njia nyepesi, bila kupasua fuvu, wako India. Watapita puani kwa mrija mwembamba wenye taa na kamera. Jina langu likaingizwa kwa wanaopelekwa na serikali, tukaambiwa tusubiri.

Kusubiri ndiko ugonjwa wenyewe, ndugu yangu. Kulikuja kipupwe, zikaja embe, embe zikaisha, sisi tunasubiri. Kila asubuhi nilikuwa nikiamka nanyosha mikono pembeni na kupima nimepoteza kiasi gani. Mama mkwe wangu aliposikia habari ya pua alishika kichwa.

"Puani? Wanatafuta uvimbe au wanatafuta kamasi?" Akataka nipelekwe Pangani kwa mganga anayemjua yeye. Saumu akakataa, mama na mwana wakanuniana. Mimi nami nikawa sisemezeki. Nilikuwa bado napanda baiskeli, mpaka nikaparamia meza ya muuza mihogo nisiyemwona, kachumbari ikatapakaa barabara nzima. Kesho yake nikakuta baiskeli haina mnyororo. Niliutafuta nyumba nzima nikigomba kwa ile sauti yangu ya pipa. Saumu alikuwa ameuficha ndani ya debe la unga.

"Gomba," aliniambia. "Ukimaliza kugomba utakuwa bado hai."

Zamu ikafika. Msindikizaji aliruhusiwa mmoja, na Saumu hakuweza kumwacha mama yake ambaye kwa wakati huo alikuwa kitandani kwa presha. Akanipa kaka yake, Hatibu, ambaye alijinadi kwamba Kihindi anakijua. Alikuwa amekijifunza kwenye sinema za mjini tangu utoto. Tulipofika kule ikadhihirika kwamba anajua kusema nakupenda kufa na kupona, anajua kusema nitalipiza kisasi cha baba yangu, lakini kuomba maji ya kunywa hajui. Wauguzi walimpenda mno. Alikuwa akimwambia mzee wa kufagia wodi "mpenzi wangu, usiniache", na yule mzee anamletea chai. Ugenini kule, hofu ilivyonishika, Hatibu alikuwa rehema yangu kubwa.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe sikulala, na wewe kulala usitegemee. Lakini la operesheni sina la kusimulia, kwa sababu nilihesabishwa namba na nikapotea hata kabla sijafika kumi. Nilipozinduka tundu zote mbili za pua zimeshindiliwa vitambaa, napumua kwa mdomo, koo kavu, na kiu ambayo hata Ramadhani ya jua kali sijaipata. Walinipimia maji ninayokunywa na ninayotoa. Pajani nilikuwa na kidonda kidogo: walichukua kipande cha mafuta wakazibia kule juu walikotoboa. Hatibu akasema sasa mimi ndiye mtu wa kwanza Tanga mwenye paja puani.

Siku ya kutoa vile vitambaa ndiyo itakayokutoa machozi, nakwambia mapema ujiandae. Vinatoka virefu, unadhani wanavuta ubongo. Kisha vinakwisha, na hewa inapita, baridi. Baada ya hapo nililala chali, natazama feni, nikasema, "Hatibu, acha kuchokonoa meno."

Akaushusha mkono. "Umejuaje?"

"Nakuona."

Alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, kushoto. Sikuwa nimegeuza shingo. Hatibu, mtu mzima na ndevu zake, alilia kwa sauti, wagonjwa wakainuka kutazama.

Daktari mkubwa alituaga kwa masharti. Nisipenge kamasi. Nikipiga chafya niache mdomo wazi. Nisiiname, nisibebe kizito, kitu chochote kisiingie puani mpaka kidonda cha ndani kifunge. Nikaelewa anasema kidole na ugoro, na ugoro sivuti. Sala nilikuwa nasali kwa ishara kitandani, na udhu wangu ni wa kutayamamu, kupangusa vumbi tu usoni na mikononi. Kwa hiyo hatari iliyokuwa mbele yangu hakuna aliyeiona, si yeye wala mimi wala Hatibu.

Nilifika nyumbani asubuhi. Watu walijaa, mama mkwe kanyanyuka kitandani kuja kunishika pua. Adhuhuri ilipoingia Saumu akaniletea kiti, birika na beseni, nikae nitie udhu kwa raha zangu. Nikaosha mikono. Nikasukutua. Kisha mkono, ambao umefanya hivyo mara tano kwa siku tangu chuo cha Kurani, ukachota maji ukayapeleka puani, na pua ikayavuta juu kama kawaida yake.

Nilihisi kitu kama mlango mdogo unafunguka nyuma ya macho.

Kesho yake, nilipoinamia sahani, tone likadondoka kwenye wali. Jeupe, safi kama maji ya mvua. Lingine likapita kooni, la chumvi. Hatibu alilitazama lile tone, akanyanyuka bila neno kwenda kutafuta gari.

Hospitalini yule daktari kijana akapiga simu Dar, akarudi na uso ambao sikuupenda. Maji yale yanatoka kwenye ubongo. Nilale, kichwa kiinuliwe, nisikohoe, nisicheke, nisijikaze chooni. Pakifunga penyewe, sawa. Pasipofunga narudi India, na katikati ya hapo maradhi yakipanda kichwani, macho niliyorudishiwa si kitu, naweza kwenda mzima mzima. Nililala pale. Saumu alikaa kushoto, nikawa namwona bila kugeuka, na nilimwogopa Mungu asije akawa amenionyesha tu ili anipokonye. Yohana alikuja kila jioni na mafuta ya mnyororo mikononi. Alikuwa akisimama mlangoni anamwomba Mungu kwa Kishambaa, kisha ananitania, kisha anajikumbusha kwamba sitakiwi kucheka na kukimbia nje.

Matone yakapungua. Siku moja hayakuja. Ya pili hayakuja. Daktari akaniinamisha kidogo kidogo huku ameshika kikaratasi chini ya pua yangu, na kikaratasi kikabaki kikavu. Nikamsikia Saumu akisema alhamdulillahi kwa pumzi moja ndefu.

Aliponirudisha nyumbani alikuwa ameshapita kwa shehe wetu. Shehe akasema kupandisha maji puani ni suna, na nafsi kuilinda ni wajibu, kwa hiyo pua iachwe. Hukumu ilikuwa nyepesi, ila mkono haujui hukumu. Tatizo la pili, Saumu hawezi kunikamata mkono, kwa sababu sisi madhehebu yetu mke na mume wakigusana ngozi udhu unatenguka, tutaanza upya mpaka kesho. Akafikiri, akaenda jikoni, akarudi na upawa wa kifuu.

Basi ikawa kila sala, mimi kitini, yeye amesimama, birika mkono wa kulia na upawa mkono wa kushoto. Nasukutua, mkono unaanza safari yake, na upawa unanishukia kwenye vifundo vya vidole.

"Huko kuna nini?" ananiuliza.

"Hakuna kitu."

"Basi shuka usoni."

Alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, isha. Watu wakasikia, wakaanza kuja kutazama. Mama mkwe aliomba naye apewe zamu, akanyimwa. Nimependwa na Saumu kwa njia nyingi katika maisha yangu, lakini sijui kama nimewahi kupendwa kuliko kwa ule upawa.

Vidole vilisinyaa taratibu, nikaweza tena vifungo vyangu. Sauti ilipungua uzito. Zuhura akarudisha mkeka wake. Harufu ilichelewa. Wiki baada ya wiki niliinua kikombe cha chai ya karafuu ni kama maji ya moto, nikajiambia nimepewa macho, pua ikienda si hoja. Halafu asubuhi moja, vuli inanyunyiza, nikasikia harufu. Nyepesi, ya unga mbichi unaochemka. Niliifuata mpaka uani. Saumu alikuwa anakoroga wanga.

"Wa nini?" nikamuuliza.

Akafunua kanga. Juu ya bakuli lililofudikizwa kulikuwa na kofia nyeupe, imejaa kazi tupu, matundu madogo madogo yamezungushiwa uzi. Kazi ya miezi.

Hapa niseme lililokuwa moyoni. Madaktari walinieleza tangu mwanzo kwamba nyama itapungua lakini mfupa haurudi. Taya hili ni langu, miguu hii ni yangu, na kichwa ni hiki. Ile picha ya arusi ilikuwa imerudishwa ukutani, na mara nyingi nilimkamata Saumu akiitazama. Niliogopa kwamba aliyemngoja arudi kutoka India ni yule wa kwenye picha.

"Kipimo umekipata lini?" nikamuuliza.

"Siku ile ile kwa daktari. Si nilibana kwa kidole? Nilipotoka nje nikapiga fundo." Akatoa uzi kwenye kikopo, akanionyesha. Fundo la zamani lilikuwa pale pale, na mbele yake, mbali kidogo, fundo jipya. "Ulipopanda ndege mie nilikuwa nishaanza kushona. Kichwa kirudi kisirudi, kofia utavaa."

Nikamwomba anipe wanga nikoroge mimi.

Ruhusa ya kuinama ilikuja baada ya kwenda Dar mara nyingine, wakanipiga picha, wakaniambia pamefunga. Ijumaa iliyofuata nilivaa kanzu, nikavaa ile kofia, nikaenda msikitini kwa miguu. Safu ile ile. Nikarukuu. Nikashuka, paji likagusa mkeka, na pua pia, pua yangu hii iliyopitwa na wageni. Nilikaa kwenye sujudu kidogo zaidi ya imamu, Mungu anisamehe. Kofia haikutikisika.

Niliporudi, Saumu alikuwa barazani. Kigoda chake amekirudisha kushoto. Pilau ilikuwa imepoa na uso wake una wasiwasi, maana waliosali nami walikuwa wameshapita zamani.

"Ulikuwa wapi, Baba Zuhura? Imedondoka?"

"Haijadondoka."

"Basi kumbe nini, muda wote huo?"

Nikakaa mahali pangu, naye akiwa pale pembeni, sindano mkononi, namwona.

"Watu wamejipanga kulia na kushoto njia nzima," nikamwambia. "Nilikuwa najibu salamu."